Nilimsingizia Rafiki Yangu, na Nilikuwa na Hakika

Kosa hili nililifanya hadharani, na maungamo yake nayaleta hadharani. Katika makala moja ya kuadhimisha Siku ya Nyerere niliandika kwamba Alhamisi ile ya Oktoba 14, 1999, Mwalimu Nyerere alipofariki, rafiki yangu wa tangu chuo alitamka mbele yangu, ndani ya daladala iliyojaa watu wanaolia: "Afadhali, nchi sasa itapumua." Jina lake sikuliandika, lakini nilimchora kwa mwendo, kwa sauti na kwa ubishi wake, na kila aliyesoma nasi alimjua mara moja. Maneno hayo hakuyasema. Ndani ya daladala hiyo hakuwamo. Mimi mwenyewe sikuwamo.

Ningekuwa nimetunga kwa makusudi, ningeomba radhi kwa uongo wangu na mambo yakaishia hapo. Lakini sikutunga. Niliandika nikiwa na hakika ambayo ningeweza kuiapia mbele ya hakimu, na hakika hiyo ndiyo iliyomuumiza mwenzangu kuliko maneno yenyewe. Tangu hapo nimekuwa nikisoma kazi za watu waliochunguza namna binadamu anavyoona, anavyozingatia na anavyokumbuka. Sikuzisoma ili nipate wa kumtupia lawama. Nilitaka kujua nilikosea wapi hasa.

Kwanza nieleze nilichokuwa nikikiona. Daladala inatoka Kariakoo, abiria wameshonana. Redio inakatisha muziki, na sauti ya Rais Benjamin Mkapa inalitangazia taifa msiba. Dereva anaegesha pembeni bila kuambiwa na mtu. Mama mmoja kwenye kiti cha mbele anafunika uso kwa pindo la kanga. Konda, kijana aliyevaa fulana nyeupe yenye picha ya Mwalimu kifuani, anaacha kudai nauli na kushika kichwa. Na rafiki yangu amesimama karibu na mlango, mkono juu kwenye bomba, anatazama nje na kutamka yale niliyokuja kuyachapisha. Picha hii niliibeba miaka mingi. Kila Oktoba ilipofika niliisimulia, mara kazini, mara kijiweni kwenye kahawa, mara nyumbani kwa watoto wangu. Nilipoombwa makala, kalamu haikukwama popote.

Gazeti lilipotoka, rafiki yangu alinipigia simu. "Ndugu yangu," alisema, "mimi siku ile nilikuwa Tukuyu, msibani kwa bibi. Huko Kariakoo ulinionaje?" Nilimjibu kwa maneno ambayo nimekuja kuyachukia: "Nakumbuka kama jana." Akauliza ni nani mwingine aliyekuwapo. Nikamwambia gari zima lilikuwapo. Akauliza kama namjua hata mmoja wao. Nikakasirika.

Hapo nikafanya kosa la pili, kubwa kuliko la kwanza. Badala ya kurudi nyuma na kuhakiki, nilianza kuwaambia wenzetu kwamba jamaa anaona haya kwa maneno yake ya ujanani. Baba yake mzazi, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi ambaye picha ya Mwalimu haijapata kushuka ukutani kwake, aliisoma makala. Alimwuliza mwanawe, mbele ya wadogo zake, kama ni kweli. Mwana alipokana, mzee akauliza kwa nini basi rafiki yake amzulie. Swali hilo lilikosa jibu, maana pale hakuna aliyefikiri kwamba mtu anaweza kumzulia mwenzake pasipo yeye mwenyewe kujua.

Ukweli ulitoka Mwanza. Shemeji yangu alikuwa akipanga makabati baada ya kuhamia nyumba mpya, akakuta bahasha za barua nilizokuwa nikimwandikia kaka. Akazipiga picha na kunitumia kwa WhatsApp, nadhani ili tuucheke mwandiko wangu. Moja ilikuwa na tarehe 16 Oktoba 1999, wino wa bluu, karatasi iliyochanwa kwenye daftari la mistari. Inaanza kama barua zetu zote zilivyoanza enzi zile: shikamoo kaka, madhumuni ya barua hii ni kutaka kukujulia hali, mimi huku ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu. Mistari michache chini yake, huyo mzima wa afya anaeleza kwamba ana malaria tangu Jumanne na hajainuka kitandani. Niko Morogoro, kwenye chumba cha kupanga. Habari za msiba nimeletewa na mama mwenye nyumba, aliyeingia na uji, akaweka kikombe chini na kusema Mwalimu hatunaye. Kisha inakuja sentensi hii, nainakili kama ilivyo: "Nje ya dirisha nikasikia mtu anapita anasema afadhali nchi sasa itapumua, sikumwona ni nani, nikalia kaka."

Daladala haimo humo. Redio haimo. Rafiki yangu hayumo. Maneno yapo, lakini aliyeyasema sikumwona.

Mtu angetarajia kwamba baada ya kuusoma mwandiko wangu mwenyewe, daladala ingefutika na chumba cha Morogoro kingerudi. Haikuwa hivyo. Hadi leo nikifumba macho naiona daladala. Chumba kile sikikumbuki, na uji ule siukumbuki. Kilichonipata siku hiyo nakijua kwa kusoma, kama ninavyojua habari za mtu baki.

Nilidhani kasoro hii ni yangu peke yangu, mpaka nilipokutana na kazi ya wanasaikolojia wawili wa Marekani, Ulric Neisser na Nicole Harsch. Chombo cha anga cha Challenger kililipuka Januari 28, 1986, na watu wote saba waliokuwamo wakafa. Asubuhi iliyofuata, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Emory walipewa karatasi waeleze walikuwa wapi habari ilipowafikia, wakifanya nini, na nani aliwaambia. Miaka miwili na nusu baadaye, 44 kati yao waliulizwa maswali yaleyale. Majibu ya mara mbili yalipolinganishwa, 11 walikuwa wamekosa mambo yote makuu. Waliopatia yote walikuwa 3. Baadhi walikuwa wamejihamishia mbele ya runinga, ilhali karatasi ya kwanza ilisema waliambiwa na mtu. Kisha watafiti wakawaonyesha karatasi zao, wakitumaini kumbukumbu ya awali itazinduka. Haikuzinduka kwa yeyote. Walikuwapo waliotazama mwandiko wao wenyewe na bado wakashikilia kwamba mambo yalikwenda vingine.

Kabla ya hapo wataalamu waliamini karibu kinyume chake. Mwaka 1977, Roger Brown na James Kulik wa Chuo Kikuu cha Harvard walieleza kwamba tukio la kushtua hujichapa akilini kwa mkupuo mmoja, likibeba na vitu vidogo visivyo na maana: nani alikuletea habari, ulikuwa umekaa wapi, mkononi umeshika nini. Waliwauliza watu kuhusu kuuawa kwa John F. Kennedy na Martin Luther King, wakapata masimulizi mengi yenye rangi na sauti. Walichokosa ni kitu cha kulinganisha nacho. Hapakuwa na karatasi ya siku ileile. Walipima uangavu wa masimulizi, nao uangavu ulikuwapo kweli.

Neisser ndiye aliyetia shaka, na alianza kwa kujichunguza mwenyewe. Maisha yake yote alikumbuka alivyopata habari za Wajapani kushambulia Pearl Harbor, Desemba 7, 1941. Alikuwa amebakiza siku moja kutimiza miaka 13. Alijiona amekaa sebuleni akisikiliza mechi ya besiboli redioni, matangazo yakakatizwa, naye akapanda ngazi mbio kumwambia mama yake. Aliisimulia hivyo miaka mingi, mpaka siku moja akazinduka kwamba Desemba hakuna besiboli, msimu huisha miezi ya kabla yake. Mwanasaikolojia wa kumbukumbu, mmoja wa wakubwa wa fani yake, alikuwa ametembea na jambo lisilowezekana kichwani bila kulishtukia. Baadaye wenzake walichimbua kwamba siku hiyo redioni kulikuwa na mechi ya mpira wa Kimarekani baina ya timu mbili zilizotumia majina ya timu za besiboli, Giants na Dodgers. Kulikuwa na redio na kulikuwa na mechi. Sehemu zilizobaki akili ilizipanga ionavyo.

Nilipofika hapo niliirudia makala yangu na kuisoma kwa jicho la adui. Nikamwona konda. Fulana yenye picha ya Mwalimu, dakika ileile Rais anapotangaza kifo! Fulana zile, vitambaa vyeusi na kanga za maombolezo vilienea siku zilizofuata, mwili ulipokuwa ukirejeshwa kutoka London na taifa likijiandaa kwa maziko ya Butiama ya Oktoba 23. Konda wangu alivaa vazi la msiba kabla ya kuambiwa kuna msiba. Niliisimulia fulana hiyo miaka yote, nikaichapisha, mhariri akaipitisha, na mimi niliyeiona kila siku sikuiona.

Dosari ya pili ilikuwa kubwa zaidi, ila inataka ujijaribu mwenyewe ili uielewe. Nyoosha mkono wako mbele yako, kidole gumba juu, ukazie macho ukucha wake. Bila kuyahamisha macho, jaribu kusoma maandishi yaliyo pembeni kwenye ukurasa huu. Hutaweza kwenda mbali. Sehemu ya jicho inayoona kwa ukali ni ndogo mno. Kwa umbali huo inatosha upana wa ukucha na pengine kidogo zaidi. Vingine vyote ni ukungu, na tunahisi tunaona chumba kizima kwa sababu macho hurukaruka karibu mara tatu kwa sekunde, na ubongo unashona vipande hivyo kuwa kitu kimoja. Sasa rudi kwenye daladala yangu. Namwona mama wa kiti cha mbele, konda aliye katikati, rafiki aliye mlangoni, na uso wa dereva kiooni, vyote kwa pamoja, vyote kwa ukali sawa. Hakuna jicho la binadamu lililopata kuona hivyo. Zaidi ya hayo, najiona mimi mwenyewe, kisogo na mabega, nimekaa kiti cha tatu dirishani. Kisogo changu nilikionea wapi? Georgia Nigro na Neisser waliandika mwaka 1983 kwamba watu wengi hujiona kwa nje katika kumbukumbu zao, na kujiona hivyo peke yake hakuthibitishi kwamba tukio halikuwapo. Kunathibitisha kwamba kuna kazi ya ujenzi iliyofanyika baada ya macho kumaliza yao.

Hata kile kilicho mbele ya macho hakiingii kama akili iko kwingine. Mwaka 1999, mwaka huohuo wa msiba wetu, Daniel Simons na Christopher Chabris walitoa utafiti uliozunguka dunia. Watu walitazama filamu fupi ya vijana wanaopasiana mpira, wakaambiwa wahesabu pasi za timu moja. Katikati ya mchezo mtu aliyevaa vazi la sokwe anaingia, anapita kati ya wachezaji na kutoka upande wa pili. Karibu nusu ya watazamaji hawakumwona. Macho yao yalikuwa wazi na sokwe hakujificha, ila akili ilikuwa kwenye pasi.

Mwanzoni nilisoma utafiti huo kama kichekesho. Siku hizi nausoma kama kipimo. Mtu aliyeshtuka hukamata mambo machache na kupitwa na mengi, kwa hiyo kumbukumbu ya kweli ya mshtuko huwa na matobo. Barua yangu ina matobo: kuna kikombe, uji, sentensi moja ya mama mwenye nyumba na sauti ya nje. Haisemi mama yule alivaa nini wala kama nje kulikuwa na jua. Daladala haina tobo hata moja. Ilikuwa kamili mno, na mimi niliuchukua ukamilifu wake kuwa ndio ushahidi, ilhali ulipaswa kunitia wasiwasi.

Matobo huzibwa na nani? Kwa sehemu kubwa, na midomo yetu na ya wanaotuuliza. Mwaka 1974 Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha wanafunzi filamu ya ajali ya magari. Kundi moja liliulizwa magari yalikuwa na mwendo gani "yalipogongana", jingine "yalipobamizana". Wiki moja baadaye wakaulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Katika filamu hapakuwa na kioo kilichovunjika. Walioulizwa kwa neno la kawaida, 7 kati ya 50 walisema waliviona. Walioulizwa kwa neno zito walikuwa 16 kati ya 50. Neno moja la mwulizaji lilimwaga vioo barabarani. Nami naulizwa kijiweni, mwaka hadi mwaka: ulikuwa wapi? daladala ya wapi? huyo jamaa alisemaje hasa? Kila swali lilidai jibu, kila jibu lilikaa, na mwaka uliofuata nililikuta limeshakuwa sehemu ya tukio. Simulizi yangu ilipikwa upya kila ilipopakuliwa, na chumvi ikiongezwa na walaji pia.

Lakini yote hayo yanaeleza daladala tu. Hayaelezi kwa nini sauti ya mpita njia ilipewa uso wa rafiki yangu. Watafiti wa kumbukumbu wana kisa chao cha namna hii, na aliyekumbwa ni mmoja wao. Donald Thomson, mwanasaikolojia wa Australia, alikamatwa kwa kosa la kumbaka mwanamke ambaye alimtambua bila kusita. Wakati mwanamke yule anavamiwa nyumbani kwake, Thomson alikuwa studio, kwenye kipindi cha runinga kilichorushwa moja kwa moja, akizungumzia mashahidi wanavyokosea. Runinga ya mwanamke yule ilikuwa imewashwa kwenye kipindi hicho. Unyama aliotendewa ulikuwa wa kweli, na uso alioukumbuka ulikuwa wa kweli. Uso na unyama vilikutana kichwani mwake tu, na bila kipindi kile kurushwa moja kwa moja, Thomson angepata shida kubwa kujinasua.

Mwanamke yule hana lawama yoyote. Alikuwa mhanga. Uso ule ulikuwa mbele yake tu wakati anavamiwa. Mimi uso niliuchagua, na hili ndilo linaloniuma. Chuoni, rafiki yangu alikuwa mpinzani mkubwa wa siasa ya Ujamaa. Bwenini tulibishana usiku kucha kuhusu vijiji, maduka ya kaya na foleni za sukari. Mimi nilimtetea Mwalimu, yeye alimkosoa, na moyoni nilikuwa nimekwisha kumweka kwenye fungu la watu wasio na shukrani. Frederic Bartlett wa Cambridge, katika kitabu chake cha 1932, alieleza jinsi Waingereza aliowasomesha hadithi ya Wahindi Wekundu walivyoikumbuka kwa kuigeuza iwe ya kwao: mitumbwi ikawa mashua, kuwinda sili kukawa kuvua samaki. Hawakukusudia kuharibu. Walikumbuka kilichoingia kwenye mazoea yao. Mimi nami nilikuwa na maneno yasiyo na mwenyewe, na kichwani nilikuwa na mtu anayefaa kuyasema. Kumbukumbu haikumwokota njiani. Ilimkabidhi mzigo yule niliyekuwa nimeshamhukumu miaka kadhaa kabla.

Kukosoa sera za Mwalimu na kufurahia kifo chake ni mambo mawili yaliyo mbali kabisa. Rafiki yangu alifanya la kwanza, kwa hoja, mbele ya uso wangu. Mimi nikampa la pili, kwa siri, nikiwa sijui kwamba ninampa.

Kuna watakaoniambia: ungejuaje, na wewe ulikuwa na hakika? Hakika yenyewe ndiyo isiyofaa kuwa kipimo. Septemba 12, 2001, siku moja baada ya mashambulizi ya ndege dhidi ya Marekani, Jennifer Talarico na David Rubin waliwahoji wanafunzi 54 wa Chuo Kikuu cha Duke kuhusu namna walivyopata habari, na pia kuhusu jambo la kawaida la siku za karibuni. Walipowarudia baada ya wiki au miezi, kumbukumbu zote mbili zilikuwa zimechuja kwa kiasi kilekile. Tofauti ilikuwa kwamba ile ya mashambulizi watu waliendelea kuiona waziwazi na kuiamini. Rais wao wa wakati huo, George W. Bush, alisimulia mbele ya umma Desemba 2001 kwamba aliona runingani ndege ya kwanza ikigonga jengo kabla hajaingia darasani alikokuwa akitembelea. Asubuhi ile picha ya ndege ya kwanza haikuwa runingani popote. Wako waliojenga hapo njama kubwa. Mimi naona mtu aliyechanganya picha za baadaye na saa ya mwanzo, kama konda wangu na fulana yake.

Hata hivyo sitaki msomaji aondoke akiamini kwamba kumbukumbu haina maana na kila shahidi ni mzushi. Maneno "afadhali nchi sasa itapumua" yalisemwa kweli. Niliyabeba neno kwa neno miaka yote. John Wixted na Gary Wells walipopitia tafiti nyingi mwaka 2017, walionyesha kwamba hakika ya shahidi anapoulizwa mara ya kwanza kabisa, kwa njia isiyomwelekeza, ina uzito. Hakika inayokuja baadaye, baada ya kurudia na kusifiwa, haina uzito huo. Mahakama zetu zina hekima inayokaribiana na hiyo. Katika shauri la Waziri Amani la mwaka 1980, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilielekeza kwamba ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho usitegemewe mpaka uwezekano wote wa kukosea uwe umeondolewa: shahidi alimtazama mshtakiwa kwa muda gani, kwa umbali gani, kwenye mwanga gani, na alikuwa akimfahamu kabla? Na kwa muda mrefu mahakama hiyo imeupa uzito ushahidi wa mtu aliyemtaja mhusika mapema iwezekanavyo, siyo aliyemkumbuka baada ya miezi. Mwandishi wa magazeti hana hakimu wa kumwuliza maswali hayo. Inambidi ajiulize mwenyewe, na mimi sikujiuliza hata moja.

Nilikwenda kwa rafiki yangu na nakala ya barua ile niliyoichapa. Aliisoma mara mbili, akanirudishia. "Ungesema umesahau ningekuelewa," alisema. "Wewe ulikuwa unakumbuka." Tunasalimiana sasa, tunapigiana simu za misiba na harusi. Pale tulipokuwa hatujarudi, na sina haki ya kuharakisha. Kisha nilikwenda kwa mzee wake. Nilimwamkia, nikaeleza, nikamwomba radhi kwa aibu niliyomletea mbele ya wanawe. Aliniacha nimalize, akasema: "Mwanafunzi aliyekosea hurudia kazi. Nenda ukaandike upya." Ndiyo kazi hii. Kwa hiyo naandika bila kona: rafiki yangu siku ile alikuwa Tukuyu akimzika bibi yake, na niliyoyaeneza baada ya kunipigia simu, kwamba anaona haya, yalikuwa uzushi wangu mtupu, tena huo niliufanya nikiwa na akili zangu timamu.

Kwenu wasomaji nina ombi. Jambo zito likitokea, andika siku hiyohiyo, hata mistari mitano, na uweke tarehe. Mengine yote utakayoyakumbuka baadaye yapime kwa hiyo mistari. Mzee akikusimulia ya zamani msikilize kwa heshima, lakini usimhukumu mtu wa tatu kwa simulizi hiyo. Na ukiwa wewe ndiye mwenye kusimulia, kabla hujalitaja jina la mwenzako katika jambo baya la miaka iliyopita, tafuta kilichoandikwa wakati ule. Kisipopatikana, mwulize yeye kwanza. Akikana, na huna kingine mkononi zaidi ya picha iliyo kichwani mwako, liache jina lake.